Kokoto Chini ya Ulimi

Umeshageuza uso. Usibishe, nimekuona. Macho yako yalifika kizingitini, yakamkuta mwanamke amekaa, leso ya zambarau imemfunika magoti, vumbi jeupe limemganda kwenye nyusi, na mara ukakumbuka una sufuria jikoni, una mtu wa kumwona, una miwani ya kufuta. Ndivyo ulivyofanya hata machimbo yalipowafunika wale kumi na mmoja. Ulisema hizo ni habari za kule. Mimi sikusahau. Sikukaa darasa la mtu. Nilisoma kwa kukumbuka, na shule hiyo haina likizo. Basi rudisha macho. Mwanamke huyu ameshazikwa, na bado amekaa mlangoni kwake. Wa kumruhusu aende ni mmoja tu, mwanawe wa kwanza, Randu, naye yumo ndani, ameketi wima kitini, na kokoto chini ya ulimi.

Saa ni kumi alasiri. Imekuwa saa kumi tangu jeneza lilipotoka. Jua limegota juu ya paa la ghala kama bakuli lililosahauliwa rafuni, halishuki, halipandi. Kuku wanafika mlango wa banda, wanatazama juu, wanarudi kuparua. Watoto wameitwa kuoga mara nyingi hata vidole vimenywea. Watu wa mji ule, ambao jina lake sitalitaja kwa sababu hata wenyewe wameanza kulitafuta, walijua fika kilichotokea. Mtu asipoitwa, siku yake haifungwi. Na siku isiyofungwa haimgandishi maiti peke yake. Wote waliomo humo wanachacha nayo.

Nikueleze, usije ukasema hukuambiwa. Kwao kila mtu ana majina mawili. Moja ni la kutumwa dukani na kuitiwa shambani. La pili ni la mlangoni. Mama humnong'oneza mtoto mchanga siku anapotolewa nje mara ya kwanza, kisha halisemwi tena mpaka mwenyewe atakapohisi safari, amwite kifungua mimba wake amtilie sikioni. Haliandikwi. Siku ya kuzikwa, jeneza husimamishwa kizingitini na kifungua mimba hulia kilio cha sehemu tatu. Jina, ili anayetoka ajue kwamba ni yeye anayetoka. Sifa, asije akatoka mikono mitupu. Na sababu. Lazima useme kilichomwua, kiwe homa, kiwe uzee, mamba au mume. Ukiacha sababu, hujalia, umepiga kelele tu.

Sasa fikiria kilio cha namna hiyo kinavyomkera mwenye machimbo.

Randu hakuzaliwa na ubaya. Hilo nalisema kwa haki, ingawa haki si kitu ninachogawa ovyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anatoka kisimani, alipowaona Watulivu wakipita na maiti wao. Watulivu ni watu wa ng'ambo ya milima ya chumvi. Walikuwa arobaini, wamevaa rangi ya majivu, hatua yao moja, na hapana aliyetoa sauti hata ya kikohozi. Kila mmoja alikuwa na kokoto chini ya ulimi. Mzee aliyetangulia alitiririkwa na machozi lakini uso wake haukukunjamana, ulikuwa kama jiwe linalovuja. Randu aliisahau ndoo njiani. Juma lile lile kwao alikuwa amezikwa jirani, na shangazi zake walikuwa wamegaragara uani, kamasi zimewatoka, mmoja ameng'oka jino kwa kujigonga ukutani. Akalinganisha. Akaona haya. Na haya ile ilivaa nguo za mapenzi, ikabisha hodi moyoni mwake kama mgeni wa heshima, naye akaikaribisha bila kuiuliza imetoka wapi.

Basi akapenda. Alipenda kama mwenye njaa anavyopenda harufu ya chakula cha jirani. Alipata kitabu kinene chenye jalada la ngozi, akajifunza humo lugha yao, salamu zao za kuteremsha kope, namna yao ya kula bila meno kusikika. Akatengeneza sanduku la makokoto, akayang'arisha kwa mafuta ya nazi, kila moja likawa na kitambaa chake. Aliwajua wafalme wao kumi na wanne kwa mpangilio, na hakujua babu yake mwenyewe amelala upande gani wa mto. Mama yake mdogo, Dzame, mwanamke wa mdomo usio na kufuli, alikuwa akisema: "Huyu mtoto hata chafya anaomba ruhusa ng'ambo."

"Mama mdogo, wale ni watu wenye utu," Randu alimjibu.

"Na sisi tuna nini, ukurutu?"

Sikatazi mtu kupenda cha watu. Anayesema kila mtu ale chungu chake tu ni mwoga, na woga wake umeshaua wengi kuliko ndui. Muziki wa mbali ukikugusa, cheza. Lakini lipo swali ambalo Randu hakujiuliza, na kwa ajili ya swali hilo jua limegota. Mtu anayeipenda nyumba ya jirani, anaipenda ile nyumba, au anapenda kutokuwemo katika yake? Ukiitazama sana picha ya mtu mwingine ukutani, siku moja unatafuta kioo na kukuta mahali pake umetundika picha hiyo hiyo. Hapo ni nani anayetazama? Aliyemo pichani hakujui. Aliyekuwa kiooni ameondoka bila kuaga. Kilichobaki ni msumari.

Mimi ni mtulivu, alijiambia asubuhi zile ambazo bado kulikuwa na asubuhi.

Mimi si wa kugaragara.

Mimi nimezaliwa mahali pasipo pangu, kama barua iliyoachwa mlango usio wake.

Na barua, nikuulize wewe, hujui kwamba barua ikifika mlango usio wake kuna mtu mahali fulani anayeingoja?

Huyo aliyekuwa akiingoja alikuwa mama yake. Mjini walimwita Mama Randu. Kazi yake ilikuwa kuponda kokoto. Wanaume walipasua mwamba machimboni, wanawake wakakaa chini ya jua na nyundo ndogo, wanageuza mawe makubwa kuwa madogo, miaka ishirini na miwili, vumbi linaingia puani jeupe na kutoka kifuani jeupe. Misiba ilipotokea, ni yeye aliyewafundisha vifungua mimba kulia. Alikuwa na sauti ya kupasua, si tamu, lakini ukiisikia ulijua nani amekufa na nani anatakiwa kujibu.

Makokoto ya sanduku la Randu yalitoka wapi? Aliyaokota rundoni kwa mama yake. Aliyachagua yale mazuri.

Bwana Mwangalizi wa machimbo alikuwa mtu wa shingo nene na sauti laini. Aliposikia kuna kijana mjini anayewafundisha watu kuomboleza kimya, hakulala kwa furaha. Alimwita, akampa kiti cha kuzunguka na cheo, Mkuu wa Adabu za Msiba. Randu alidhani ameheshimiwa kwa ajili ya elimu yake. Mbuzi naye hudhani amepambwa kwa ajili ya uzuri wake.

Kisha mwamba ukaporomoka. Kumi na mmoja. Nguzo za kuzuia zilikuwa za mti mbichi, kila mtu alijua, wanawake walikuwa wamesema. Mji ukakusanyika uwanjani mbele ya majeneza, na Randu akasimama kwenye njia ya kuingilia na sanduku lake, akamtilia kila aingiaye kokoto kiganjani. Watu walikuwa wamechoka, na uchovu ni mlango wa nyuma wa woga. Wakaweka midomoni. Wajane wakaweka. Uwanja ukanyamaza vizuri sana, na Randu akalia kwa uzuri wa kimya kile. Ndiyo, alilia, alikuwa amengoja miaka kumi kuona watu wake wakipendeza.

Mama yake peke yake alilitupa la kwake chini. Akasimama katikati, akaita majina, moja baada ya moja, akatoa sifa zao, huyu alijua kutengeneza redio, huyu aliogopa vyura. Kisha akavuta pumzi. "Na kilichowaua," alisema, "kilichowaua ni..."

Randu akamziba mdomo kwa mkono wake.

"Mama, usituaibishe mbele za watu."

Nakumbuka mkono ule. Ulikuwa mkono safi, umekatwa kucha. Bwana Mwangalizi aliinamisha kichwa kwa kuridhika. Wewe pia ulikuwepo, nyuma kidogo, ukitazama viatu vyako.

Baada ya siku ile mama hakulia tena msiba wa mtu. Alikohoa tu. Alikohoa msimu mzima na mwingine, mpaka leso ikawa kama imepakwa unga. Siku aliyohisi safari, alimwita Randu chumbani.

"Sogea."

"Pumzika, mama."

"Nitapumzika, kazi hiyo haina haraka. Tega sikio. Jina langu la mlangoni ni Nyamvula. Nilizaliwa paa linavuja, bibi yako akaniwekea sufuria kichwani." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Umelishika?"

"Nimelishika, mama."

"Lirudie."

Randu alikuwa ameinamisha shingo kidogo upande wa kushoto, kama kitabu kilivyoeleza Watulivu wanavyomwinamia anayekata roho, na alikuwa akijisikia jinsi alivyoipata ile pembe sawasawa. Jina la mama yake lilimpitia kama mvua inavyompitia mtu aliye usingizini. Anajua imenyesha, hajui saa ngapi. Kitabu kilisema maneno ya anayekufa hayarudiwi. Akatabasamu midomo imefungwa.

Mama alijifuta midomo kwa leso.

"Haya," alisema. "Na sababu unaijua. Hii hapa kifuani, inakwaruza."

Jeneza liliposimamishwa kizingitini, ilikuwa saa kumi kasorobo. Wabebaji walibadilisha mabega. Walingoja. Dzame alisema, "Randu, baba, mwite mama yako." Randu akafungua sanduku, akachagua kokoto lililo bora kuliko yote, la mviringo, lenye mshipa wa waridi, akaliweka chini ya ulimi na kuteremsha kope. Aliona anampa mama yake zawadi ambayo hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kupewa. Aliona, masikini, kwamba anamzika kimalkia. Bwana Mwangalizi, aliyekuja na shada la maua, alinong'ona, "Safi sana." Wabebaji wakatazamana, wakavuka kizingiti. Saa ikagonga kumi.

Waliporudi kutoka makaburini, Mama Randu alikuwa amekaa mlangoni na leso yake ya zambarau, anatazama ndani kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Kwa desturi ya Watulivu, kokoto hukaa siku saba. Lakini siku saba zinaanzaje kama ya kwanza haiishi? Randu akakaa kitini. Ulimi ulifanya malengelenge. Mjini mambo yakaanza kulegea. Mwuza samaki alisahau jina la mkewe, akamwita "wewe", mke akaitika, kisha naye akaangalia nyuma yake aone nani aliyeitika. Watu walikutana njiani wakasalimiana kwa kidole. Machimboni kazi iliendelea, maana alasiri isiyoisha ni zamu isiyoisha, na Bwana Mwangalizi hakuona kasoro yoyote.

Dzame aliingia mara kwa mara. Alimruka dada yake kizingitini kwa adabu, "Samahani, dada," halafu akamgeukia Randu.

"Bado unatafuna jiwe? Haya. Watu wanakufa njaa ng'ambo na ng'ambo, wewe unashiba mawe."

Randu aliteremsha kope.

"Usinifungie macho, mimi si Mtulivu, mimi ni mama yako mdogo. Nilikufuta mavi. Yule pale nje ni dada yangu, amekaa kama mgeni aliyenyimwa karamu. Mimi siwezi kumwita, sikuambiwa, aliambiwa mmoja. Uliambiwa?"

Randu aliinamisha kichwa. Ndiyo.

"Basi linasubiri nini? Lioze?"

Ndani ya kichwa chake Randu alikuwa ameshaanza kulitafuta. Hakumwambia mtu. Alilitafuta kama unavyotafuta ufunguo huku mgeni anakutazama, kwa kujifanya hutafuti. Lilianza na nini? Kulikuwa na sufuria. Kulikuwa na paa.

Hapo ndipo alipofika Telemu.

Alikuwa bikizee wa Watulivu, mfupi, amevaa rangi ya majivu, viatu vimekwisha. Alisimama nje, akamtazama aliyekaa kizingitini, na badala ya kumruka akaketi kando yake, akampa pole ya mkono. Kisha akapiga hodi. Randu alipomwona moyo ulimdunda hata akasikia haya. Mtulivu, nyumbani kwake! Alilisogeza kokoto shavuni, kwa maana mgeni hujibiwa, akamkaribisha kwa lugha yao, kwa sentensi ndefu aliyokuwa ameifanyia mazoezi miaka kumi.

Telemu alirudi nyuma hatua moja.

"Sema lugha yako, mwanangu," alisema, kwa lugha ya mji ule, ya kubabaisha lakini ya kueleweka. "Hiyo yangu nani alikufundisha?"

"Kitabu, bibi."

"Unaisema kama askari. Kila neno lako ni amri. Hivyo ndivyo walivyotusemesha wale waliokuja na farasi. Kitabu hicho ni chao, walikiandika ili wajue namna ya kutuambia tulale chini."

Randu akageuka. Akafungua sanduku, amwonyeshe. Vitambaa, mafuta ya nazi, mng'aro. Alitegemea atafurahi kama mtu anayekuta wimbo wa kwao umetunzwa ugenini. Bikizee aliyatazama yale makokoto moja moja. Halafu akafungua kinywa chake, akakionyesha mpaka ndani. Chini ya ulimi kulikuwa na shimo la nyama ngumu, kama nyayo.

"Walituua kijiji kwa kijiji," alisema, "na tulipolia, vilio vyetu vilikuwa vinasema nani ameua. Basi wakapiga marufuku. Kila mwenye msiba alitiwa jiwe mdomoni, na likidondoka, naye anazikwa. Miaka themanini. Walipoondoka tulikuwa tumeshasahau linavyotolewa. Wajukuu zangu wanadhani ni heshima. Nani alikuambia hili ni pambo?"

Dzame, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni, kwa mara ya kwanza alikosa kejeli.

"Hili ni kovu, mwanangu. Umelipenda kovu letu, ukamchanja nalo mama yako," Telemu alimwambia Randu.

"Niliwapenda, bibi," Randu alisema. "Wallahi niliwapenda."

"Najua. Lakini hukutuuliza tunaumwa wapi." Akajifuta pua kwa ncha ya nguo. "Mimi nimetembea siku tisa. Sisi tuna wafu wa miaka themanini wamekaa milangoni, hatuna pa kukanyaga. Tulisikia kuna mji ambao watu wake wanagaragara, kamasi zinawatoka, wanasema jina na sifa na sababu mpaka vilima vinaitika. Nimekuja kujifunza kulia. Nikaambiwa mwalimu ni mwanamke mmoja, Mama Randu. Yuko wapi?"

Dzame na Randu wakageuza macho. Telemu alifuata macho yao mpaka kizingitini.

Basi Randu akatoa kokoto. Lilitoka na ngozi ya ulimi. Alilitazama kiganjani, lile zuri lenye mshipa wa waridi, na kwa mara ya kwanza akaona kwenye ubavu wake alama ndogo, pigo la nyundo ndogo, pigo la mkono anaoujua. Akaliacha lianguke. Akaenda mlangoni, akapiga magoti mbele ya mama yake. Mama akainua uso, vumbi likamdondoka nyusini, akangoja, kama alivyowahi kungoja mtoto anayejifunza kutembea amfikie.

Randu alifungua kinywa.

Wafalme kumi na wanne walimjia, kwa mpangilio. Salamu za kope zilimjia. Akaita "Mama", na mama hakusogea, maana hilo ni jina la wote. Akajaribu sauti hii na ile, akapiga paji la uso chini, akagaragara, kamasi zikamtoka, akawa wa kwao kabisa, akachelewa. Sababu alikuwa nayo, ilimjaa mdomoni pamoja na damu. Lakini sababu bila jina ni mshale usio na upinde.

"Mama mdogo," alisema, sauti imepasuka, "sikulishika. Nilikuwa nikiangalia pembe ya shingo yangu."

Dzame akakaa chini alipokuwa amesimama. Chini ya mlima, machimboni, king'ora cha zamu kililia, na wanawake wakainua tena nyundo zao.

Mimi ndiye ninayesimulia, na msimulizi hana kinywa upande ule wa hadithi. Lakini siku ile chumbani, mama alipomwambia asogee, aliyesikia hakuwa mmoja. Mlikuwa wawili, yeye na wewe unayesoma. Ulikuwa umeinama juu ya mabega ya Randu, nawe hukuwa na pembe ya shingo ya kuangalia. Jina ulitajiwa. Sitalitaja mara ya pili, kwa sababu likitoka kwangu litabaki wino. Na sababu unaijua pia, umeijua tangu majeneza kumi na moja, tangu nguzo za mti mbichi, tangu ulipotazama viatu vyako.

Amekaa pale. Anakutazama wewe sasa, maana mwanawe ameshindwa. Usigeuze ukurasa, hakuna kitu huko. Inuka ulipo, hata kama kuna watu, hasa kama kuna watu. Fungua mdomo. Mwite jina lake kwa sauti ya kufika makaburini, kisha sema kilichomwua, na kinaitwaje mahali unapoishi wewe.

Mwite sasa.